Chatu wa kwanza: maswali ninayoulizwa kila Agosti kwenye banda la nyoka, Nzuguni

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Dodoma. Kila msimu wa Nanenane naomba ruhusa siku tatu nne, nakwenda kusimama kwenye banda la nyoka upande wa wageni, kazi yangu ikiwa kujibu maswali ili maofisa wenye nyoka wapate nafasi ya kuangalia nyoka. Maswali ni yale yale. Mengine yanaulizwa kwa woga, mengine kwa utani, na siku hizi yameongezeka ya vijana waliotazama video za wafugaji wa nje na sasa wanataka chatu wao wa kwanza. Nimeyakusanya hapa jinsi yanavyoulizwa.

Banda liko wapi, na nije saa ngapi?

Viwanja vya Nanenane viko Nzuguni, mashariki mwa mji, kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro. Daladala za huko zinaandikwa Nanenane, bajaji nazo hazikosekani. Ukiingia, uliza banda la maliasili. Hutahangaika, maana foleni ya watoto wa shule itakuonyesha.

Ukitaka nafasi ya kusogea kwenye kioo, njoo saa tatu asubuhi siku ya katikati ya wiki. Ukitaka kumwona nyoka akitembea, subiri saa sita. Agosti ni baridi yetu: alfajiri kipimajoto kinashuka hadi nyuzi 14 hivi, na nyoka hana joto lake mwenyewe kama wewe na mimi. Asubuhi amelala kama kamba iliyosahaulika, na kila mwaka lazima atokee mtu wa kuniambia tumeweka nyoka wa plastiki. Tarehe 8 yenyewe, siku ya kilele, sikushauri uje na mtoto mdogo. Vumbi, upepo, spika za kila banda zikishindana, na watu wamesimama bega kwa bega.

Yule mkubwa bandani ndiye yule ninayemwona kwenye video za wafugaji?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Chatu wa hapa kwetu ni Python natalensis, ambaye makazi yake yanafika hadi Afrika Kusini. Anaanza akiwa mdogo wa kupendeza, kisha anakua kupita mita tatu, na wapo wanaofika mita nne na kuzidi. Anaweza kummeza digidigi au mbuzi mdogo. Mnyama wa namna hiyo humfungi kwenye chumba cha kupanga Area C.

Wa kwenye video mara nyingi ni Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi. Kwa asili anapatikana kuanzia Senegali mpaka pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Tanzania hayupo. Wafugaji wa Marekani na Uingereza wanamwita chatu mpira, kwa kuwa akiogopa hajirushi wala hakimbii: anajiviringa donge, kichwa anakificha katikati, na unaweza kumbiringisha. Wajerumani na Wafaransa wanamwita chatu wa kifalme. Mimi hapa nitamwita chatu mpira.

Mtu mzima wao ana urefu wa sentimita 90 hadi 150 hivi, majike wakiwa wakubwa kuliko madume, na uzito wa kilo moja na nusu au mbili. Kichanga aliyetoka kwenye yai anaenea kiganjani. Porini anaishi kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, anatoka usiku, ingawa wadogo na madume hupanda miti kutafuta ndege.

Naweza kumshika nyoka wa bandani?

Inategemea ofisa wa zamu na nyoka mwenyewe. Akisema hapana, hapana. Akikubali, mshike kwa mikono miwili, mwili wake uegemee juu ya mikono yako, usimbane shingo wala kumwinua kwa mkia. Atatoa ulimi kila sekunde. Anakunusa tu, ulimi wa nyoka hauna sumu wala mwiba. Utashangaa kwamba si mtelezi hata kidogo. Ni mkavu, kama mkoba wa ngozi uliokaa juani.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni. Nalisema hili mpaka sauti inakauka. Nyoka wengi hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila wenyewe kuugua, na mtoto wa chini ya miaka mitano akilamba vidole anaweza kuharisha vibaya. Pale nje kuna mishikaki na zabibu, na watu wanatoka bandani moja kwa moja kwenda kula.

Pale nje kuna kijana anauza mtoto wa chatu. Bei nzuri. Ninunue?

Usinunue, na usifungue hicho kiroba.

Miaka michache iliyopita, jua likielekea kuzama, alikuja kijana bandani na kiroba cha sukari amekifunga kwa mpira wa baiskeli. "Mwalimu, mtoto wa chatu huyu, nakuachia kwa bei ya shikamoo." Alikuwa amekipakata. Nikamwambia akiweke chini polepole na arudi nyuma. Kiroba kilipogusa sakafu kikavuta pumzi ndefu, kikaitoa: fffuuu, kama pampu ya baiskeli inayovuja. Chatu naye hupuliza akikasirika, lakini ule mvumo ninaufahamu. Ofisa akaja na fimbo yake ya ndoano, akakilaza kiroba juu ya ndoo, akafungua. Ndani alikuwa kifutu, nyoka mwenye sumu kali, mnene kama mkono wangu, anang'aa kabisa maana alikuwa ametoka kujivua gamba.

Kijana aliketi chini pale pale. Alikuwa amembeba kwa bodaboda kutoka njia ya Kondoa, kiroba kikiwa katikati ya mapaja.

Kifutu anadhaniwa mtoto wa chatu kwa sababu wote ni wanene na wana madoa. Tofauti zipo: magamba ya kifutu yanakwaruza kama tupa na hayang'ai sana, mgongoni ana alama za V zinazofuatana, mkia wake mfupi unakatika ghafla, na kichwa ni kipana kimebapa. Chatu ana magamba laini yanayong'aa, ana alama ya kahawia iliyokolea kama ncha ya mkuki juu ya kichwa, na mdomoni ana vijishimo vya kuhisi joto. Nakueleza ujue tu. Nyoka aliye huru porini au ndani ya kiroba usimkaribie kuhesabu magamba.

Na akikuuma huyo: tulia, kiungo kisichezechezwe, vua pete na saa kabla mkono haujavimba, nenda hospitali kubwa iliyo karibu. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Jiwe jeusi liache nyumbani.

Kisheria naruhusiwa kufuga chatu?

Huwezi kumwokota porini ukasema ni wako. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, serikali ndiyo inayowasimamia, na kuwa naye bila kibali ni kosa. Sio kosa la kupigwa faini ndogo ukaondoka. Mashauri ya wanyamapori na nyara za serikali huunganishwa na sheria ya uhujumu uchumi, na mtu anaweza kukaa rumande muda mrefu kabla hajasikilizwa. Nimewaona vijana wazuri wakidhani ni mzaha.

Kumwagiza chatu mpira kutoka nje nako si kama kuagiza simu. Chatu wote duniani wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, karibu wote kwenye Kiambatisho cha Pili, maana yake akivuka mpaka lazima awe na karatasi za nchi anakotoka. Hapo ongeza kibali cha kumwingiza huku na cheti cha daktari wa mifugo. Ukitaka kujua hali ilivyo leo, Wizara ya Maliasili na Utalii iko hapa hapa Dodoma, Mji wa Serikali Mtumba. Nenda ukaulize mlangoni. Usimuulize dalali.

Kuna wanaoniambia "si walifungua biashara?" Usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ulizuiwa mwaka 2016. Juni 2022 likatoka tangazo la kuruhusu waliokuwa na wanyama waliobaki wawasafirishe, na ndani ya siku chache likasitishwa. Hata hivyo hayo yalikuwa ya kuuza nje. Hayakuwahi kuwa ruhusa ya wewe kuweka nyoka sebuleni Kisasa.

Basi jibu lako ni hapana?

Kwa anayeishi Dodoma na hana kibali, ndiyo, jibu langu ni hapana. Njoo umtazame bandani, au ukipita Arusha fika bustani ya nyoka ya Meserani. Lakini kila mwaka nina wanafunzi wa zamani wanaokwenda kusoma nje, Ujerumani, Marekani, Afrika Kusini, na huko wanakuta chatu mpira anauzwa kama kuku wa Sabasaba. Hao ndio wanaoniandikia usiku wa manane, na maswali yanayofuata mengi ni yao.

Nitakwenda kwenye maonyesho ya reptilia huku niliko. Nitazame nini?

Nilikwenda mara mbili kwenye yale ya Hamm, Ujerumani, nilipokuwa masomoni. Ni makubwa mno, hufanyika mara kadhaa kwa mwaka, na kuna watu wanaendesha gari usiku kucha kutoka nchi jirani. Mara ya kwanza niliingia nikasimama mlangoni kama mtu aliyeshuka SGR kwa mara ya kwanza. Meza kwa mamia. Juu ya meza, vikopo vya plastiki vyenye vifuniko vya matundu, na ndani ya kila kimoja nyoka mmoja juu ya karatasi ya jikoni. Kama soko la Majengo, ila badala ya mafungu ya nyanya ni mafungu ya chatu.

Kwenye kila kikopo kuna kibandiko. Ukiona 1.0 ni dume, 0.1 ni jike, 0.0.1 hajulikani. Mimi nilidhani ni bei, nikachekwa. Baada ya hapo yanakuja majina ya rangi. Chatu mpira wamezalishwa rangi nyingi kupita kiasi, weupe, wa manjano, wasio na madoa kabisa, na bei inapanda kwa rangi wala si kwa afya. Rangi moja uikwepe: inaitwa spaida. Jeni inayomchora madoa yale membamba kama utando ndiyo hiyo hiyo inayomvuruga mizani ya kichwa. Anatikisika, mwingine akitaka kumpiga panya anamkosa. Muuzaji atakwambia ni kidogo tu. Wa rangi ya kawaida, kahawia na dhahabu, ndiye wa bei ya chini, na kwa macho yangu ndiye mzuri kuliko wote.

Sasa mtazame nyoka mwenyewe. Muombe muuzaji amtoe. Anapaswa kukukaza vidole kwa nguvu, sio kulegea kama kamba ya kiatu. Mgongo uwe wa mviringo. Ukiona uti umesimama kama paa la nyumba, amekonda. Macho yawe safi, na yakiwa ya bluu yote mawili kwa pamoja usiogope, anakaribia kujivua. Pua kavu. Msikilize akipumua: mlio wa filimbi, povu mdomoni, au kukaa na mdomo wazi, ni kifua hicho. Tazama chini ya kidevu na kuzunguka macho kama kuna vidoa vyeusi vinavyotembea. Ni utitiri, na ukiupeleka nyumbani utajuta miezi mitatu. Mwisho geuza upande wa chini, karibu na mkia pawe safi. Utaona hapo vijikucha viwili, mabaki ya miguu ya mababu zake. Mimi hapo huwa nasahau kununua na kuanza kufundisha.

Kisha uliza maswali matatu: amezalishwa hapa au ameletwa kutoka Afrika? Anakula nini, na mara ya mwisho alikula lini? Naweza kuona kumbukumbu za kula? Togo, Benin na Ghana zimesafirisha chatu mpira kwa wingi sana, wengi wakiwa mayai au majike wenye mimba waliochimbuliwa mashimoni. Wakifika huko wana kupe, wana minyoo, na wanagoma kula. Aliyezalishwa kizimbani na ana daftari lake ndiye wa mtu anayeanza. Muuzaji akikasirika kwa swali, meza ziko mamia.

Usishike nyoka wa meza hii kisha ukaenda kushika wa meza ile bila kupaka dawa ya mikono. Na sharti langu kwa wanafunzi wangu wote: maonyesho ya kwanza hununui nyoka. Nunua kabati, kidhibiti joto na vipimajoto, rudi nyumbani, viwashe wiki mbili, uone vinashika joto. Nyoka utamkuta maonyesho yajayo. Wa rangi ya kawaida ana bei ndogo kuliko kabati lake, na hilo ndilo linalowaponza watu.

Anahitaji nyumba ya namna gani?

Kwa mtu mzima, kabati la urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Upande mmoja uwe wa moto, nyuzi 31 hadi 33, wa pili upoe kwenye 26, ili achague mwenyewe. Usiku usishuke chini ya 23. Unyevu wa hewa asilimia 55 hadi 70. Maficho mawili, moja kila upande, yawe madogo ya kumbana mwili. Chatu mpira aliyewekwa peupe haoni raha, haoni usingizi, na hali chakula. Bakuli la maji la kumtosha kuingia. Mlango wa kufungwa kwa kitasa, maana nyoka anapitisha mwili popote kichwa kinapopita.

Kifaa cha joto kisicho na kidhibiti kinamuunguza. Ndivyo ilivyo hasa kwa mkeka wa umeme: anaulalia tu, ngozi inaiva, hajui kuondoka.

Lakini Dodoma ni joto. Si angeishi bila umeme?

Hili huulizwa na watu wa Dar waliokuja Februari. Agosti wangelala na mablanketi mawili. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa kiangazi unapoa, na nyuzi 14 kwa mnyama wa nyuzi 26 ni kumpa nimonia. Halafu kuna ukavu. Kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba, hapa midomo inapasuka, na ngozi ya nyoka nayo: badala ya kuvuliwa nzima kama soksi, inabanduka vipande vipande, na vinavyobaki kwenye ncha ya mkia vinakata damu. Kisha umeme ukikatika saa nane usiku, utaamka kumfunga chupa za maji ya moto? Watu wanasema ndiyo. Mimi nilikuwa na samaki tu na nilichoka.

Anakula nini? Naweza kumpa mijusi au vyura?

Panya. Kichanga anakula panya mdogo kila wiki, mkubwa anakula panya mmoja kila baada ya wiki mbili, tatu, hata nne. Kipimo ni unene: panya asizidi sehemu nene ya mwili wa nyoka. Huko nje wanauzwa wakiwa wamegandishwa. Unamyeyusha, unampasha kwa maji ya moto mpaka awe na joto la mwili, unamtikisa kwa koleo refu. Panya aliyekufa hamng'ati nyoka. Aliye hai anaweza kumtoa jicho nyoka asiye na njaa.

Panya wa nyumbani kwako usimpe. Jirani ameweka sumu, na sumu haijui imekusudiwa nani.

Pia uzungumze mapema na unayeishi naye. Mwenzangu mmoja huko alifungua friza akitafuta barafu, akatoka na mfuko wa panya kumi na wawili weupe. Hatukusalimiana wiki nzima.

Amekataa kula wiki ya tano sasa. Anakufa?

Pengine hapana. Chatu mpira ni bingwa wa kufunga. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula, hasa msimu wa baridi au wa kupandana, na asipungue cha kutisha. Pima joto kwanza, kisha maficho, kisha acha kumshikashika. Mpime uzito kila wiki na uandike. Akipungua kwa kasi, au akiwa kichanga, mpeleke kwa daktari. Ukijaribu kumlazimisha kula utamvunja meno na moyo wako pia.

Anauma?

Ana meno, kwa hiyo ndiyo. Hana sumu. Mimi aliniuma chatu mpira wa rafiki yangu aliyesafiri akaniachia funguo na karatasi ya maelekezo. Karatasi ilisema nawa mikono baada ya kushika panya. Nilisoma baadaye. Niliyeyusha panya kwa mkono mtupu, nikafungua kabati kurekebisha bakuli la maji, na yule bwana mpole ambaye nilimshika jioni tatu mfululizo akaona mkono wenye joto na harufu ya chakula. Sikumwona akija. Nilisikia tu kama nimepitisha mkono kwenye kichaka cha mgunga, kisha mizunguko miwili ya mwili kwenye kifundo.

Usivute. Meno yao yamepinda kurudi nyuma, ukivuta unajichana na kuyaacha meno ndani. Nilikaa chini, nikamsogeza na mkono wangu chini ya bomba la maji baridi, akaachia baada ya dakika moja iliyokuwa ndefu kama kipindi cha mwisho Ijumaa. Vidoa vya damu kumi na kitu, sabuni, basi. Kosa lilikuwa langu, na panya wake akamla usiku ule ule bila haya.

Anaishi miaka mingapi?

Ishirini hadi thelathini, akitunzwa. Mwaka 2020, bustani ya wanyama ya Saint Louis huko Marekani ilikuwa na jike aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60, na akataga mayai saba bila kuonekana na dume kwa miaka mingi sana. Aliletwa pale mwaka 1961. Mwaka ule Tanganyika ilikuwa inapata uhuru.

Kwa hiyo ukiwa na miaka ishirini na unakwenda kusoma miaka mitatu, fikiri nani atabaki naye. Usiniambie utarudi naye kwenye begi.

Anamjua mwenyewe? Anampenda?

Anazoea harufu yako na anaacha kukuogopa. Zaidi ya hapo sitakudanganya. Ukitaka wa kukufurahia ukirudi, fuga mbwa.

Je, si majini? Watu wanasema chatu ndani ya nyumba ni wa kuleta utajiri.

Mama mmoja aliniuliza hivi kwa kunong'ona, amemshika mjukuu mkono. Nilimjibu: bibi, ningekuwa nina nyoka wa utajiri nisingekuwa nasimama hapa na chaki kwenye suruali. Alicheka, lakini hakusogea kwenye kioo, na mimi simlaumu.

Jambo lenyewe si la kucheka sana. Ukifuga nyoka uswahilini, hata kwa kibali, mwenye nyumba akijua utahama, na mtoto wa jirani akiugua utaulizwa wewe. Nyoka akitoroka hatarudishwa; atapigwa fagio, jiwe, na mafuta ya taa juu. Kwingine ni kinyume. Ouidah, nchini Benin, kuna hekalu la chatu mpira hao hao, wanazurura mjini na watu wanawabeba kuwarudisha. Na huku kwetu Wasukuma wana wacheza ngoma wa chama cha Bayeye, wanaocheza na chatu mabegani tangu zamani. Ukimwona mmoja uwanjani akimvisha chatu shingoni kama skafu, jua amefundishwa na waliomtangulia. Usiige kwa ajili ya picha.

Kuna chatu ameingia banda la kuku kwangu, Bahi. Nimfanyeje?

Toa watu na mbwa, funga mlango wa banda abaki humo, piga simu ofisi ya wanyamapori ya wilaya au mwambie mwenyekiti wa kijiji awapigie. Aliyemeza kuku wawili hana haraka ya kwenda popote. Najua kuku wana thamani. Ila huyo huyo ndiye anayekula panya buku na pimbi shambani kwako miezi mingine yote.

Kama ni jike amejizungusha kwenye mayai shimoni, usimguse kabisa. Chatu wetu analea, jambo ambalo kwa nyoka ni nadra. Jike hutoka shimoni kuota jua, ngozi yake ikiwa imegeuka nyeusi kipindi hicho, kisha anarudi na lile joto kuyafunika mayai. Yakianguliwa anakaa na watoto wiki mbili hivi, usiku wakilala katikati ya mizunguko yake. Muda wote huo hajala. Nikieleza sehemu hii bandani, hata wanaume wa mnadani wananyamaza.

Yule wa bandani anaitwa nani?

Kwenye karatasi za maofisa ana namba. Watoto wa darasa la tatu waliokuja mwaka juzi walimwita Mama Zabibu, kwa sababu madoa yake, walisema, ni shada la zabibu limelala ubavu. Ukimsogelea kioo saa sita mchana utaona walikuwa sahihi.